Nimetubu na nimeokoka ila usiku silali. Hivi kupona dhambi ni kupona vipi?

Mvua ya Gungu

Wakuu habari za mda huu. Niko Kigoma mjini, naomba kwanza msinitukane maana najua humu hamkawii. Stori ni ndefu ila ntajitahidi.

Mwaka 2021 nilikuwa napiga kazi pale mwalo wa Kibirizi, wanaposhushia samaki, kwa mama mmoja ana vipe viwili, zile boti za kuvulia dagaa. Mimi sikuwa mvuvi, kazi yangu ilikuwa kuwapokea alfajiri wakiingia, nahesabu beseni za dagaa, naandika kwenye daftari, mama akija saa moja anakuta hesabu iko tayari. Wanaoijua kazi ya ziwa wanaujua ule mda, giza bado, taa za solar zinawaka kwenye mitumbwi, wanunuzi wanasukumana, kelele kila kona, nani atajua kama beseni zilikuwa 40 au 37. Nikaanza na beseni moja moja, kuna mnunuzi nampitishia pembeni ananipa hela mkononi. Baadae mbili, baadae tatu. Kama miezi saba hivi, ukitoa zile siku za mbalamwezi ambazo vipe havitoki.

Mama akaja kushtuka, hesabu ya wavuvi na ya daftari haziendani. Akaita watu wote. Pale alikuwepo dogo mmoja wa kubeba mzigo, katokea Buhigwe, umri kama miaka 19 hivi, hana ndugu mjini. Mtu akasema huyu ndo namuonaga na beseni kule nyuma. Na ni kweli alikuwa anaonekana, maana MIMI ndo nilikuwa namtuma, yeye anajua anapeleka mzigo wa mteja kama mizigo mingine. Dogo akaniangalia. Hakusema kitu, aliniangalia tu anasubiri niseme mimi ndo nimemtuma. Mi nikainamia daftari najifanya natafuta kitu. Wakampiga, wakamfukuza na mshahara wa mwezi hakupewa. Nikaja kusikia kapanda treni kaenda Tabora.

Nikaendelea na kazi yangu kama kawa. Hata kuiba niliacha, si kwa uchaji, kwa woga tu.

Sasa 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue ile miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, sikuwa na kazi, mtu ukikaa bure mambo yanakurudia. Rafiki akanialika kanisani kwao, nikaokoka, nililia siku ile mpaka shati likalowa. Wakuu sidanganyi, nilikuwa mwepesi, wiki mbili hivi nalala kama mtoto. Halafu ikarudi. Nikisikia tu mtu anahesabu kitu kwa sauti, hata kama ni nyanya sokoni, moja, mbili, tatu, tumbo linanikata. Saa tisa usiku macho yananitoka. Nikamwambia mtumishi, sikumwambia yote, nikasema tu kuna dhambi ya zamani inanisumbua, akasema ni roho ya kujihukumu inatakiwa maombi ya ukombozi. Nimeshanunua mafuta ya upako mara mbili.

Swali langu, kama damu ya Yesu imeniosha mbona sijapona? Na je ni lazima niende kwa yule mama wakati Mungu ameshanisamehe? Nina mke na mtoto wa miaka miwili, mama anaweza kunipeleka polisi.

Jembe la Mwandiga

Mtu wa Mungu simama kwenye neno!! Warumi 8:1 hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Hakuna maana yake HAKUNA. Huyo anayekuamsha saa tisa ni mshitaki wa ndugu zetu, soma Ufunuo 12:10. Mika 7:19 inasema Mungu anatupa dhambi kwenye vilindi vya bahari. Hilo ziwa letu tu lina kina cha mita 1,470, kitu kikizama kule nani atakiona, sasa Mungu katupa kule wewe unashusha wavu unataka kuzivua tena. Ukiri ushindi, funga siku tatu, endelea na maisha.

Kisamvu cha jana

@Jembe mzee dhambi zimetupwa ziwani sawa ila beseni za dagaa hazikutupwa ziwani, zililiwa 😂

Jembe la Mwandiga

Endelea kucheka na mambo ya Mungu.

Kisamvu cha jana

Sijamcheka Mungu bro nimekucheka wewe. Huyo dogo aliyepigwa naye akasome Warumi 8:1 au?

Mama Teo wa Kasulu

Mwanangu Mvua pole sana, na hongera kwa kusema, wengi tunakufa nayo.

Mimi ni Mkatoliki, nafundisha watoto komunyo ya kwanza, kwahiyo nitasema ninavyofundisha. Kwenye kanisa letu sakramenti ya kitubio tunaiweka kwenye kundi moja na mpako wa wagonjwa, zote mbili zinaitwa sakramenti za uponyaji. Sio bahati mbaya. Dhambi haihesabiwi kama faini peke yake kwamba ukilipa yameisha, dhambi inaumiza, inamuumiza uliyemtenda na inakuumiza wewe uliyetenda. Katekisimu namba 1459 inasema wazi kabisa kwamba ondoleo linafuta dhambi ila haliponyi fujo yote iliyoletwa na dhambi. Na mfano inaoutoa pale pale ni kurudisha vitu vilivyoibwa, na kumrudishia jina zuri mtu uliyemchafua. Ndo maana padri anakupa malipizi. Watoto wangu wanadhani malipizi ni adhabu, mimi nawaambia ni kama yale mazoezi anayopewa mtu aliyevunjika mguu baada ya kufunguliwa hogo, mfupa umeshaunga, ila mguu haujajua kutembea.

Kwahiyo usiseme hukusamehewa. Zile wiki mbili za wepesi ni za kweli usikubali mtu akuambie zilikuwa hisia tu. Ulisamehewa, ila hujamaliza kuponywa.

Na hayo mafuta jamani. Neema haina bei. Simoni wa Samaria alitaka kuinunua kwa hela, Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, iko Matendo 8:20. Hiyo hela ya mafuta ingekwenda kwenye mshahara wa dogo.

Bint Ujiji

Mi Muislamu nimepita tu, tusigombane. Kwetu toba ina masharti, uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama dhambi inahusu haki ya mja basi la nne ni kumrudishia haki yake au umuombe radhi akuachie. Bibi yangu hapa Ujiji alikuwa akisema la Mungu utamalizana na Mungu, la mja mfuate mja mlangoni kwake. Naona Mama Teo kasema yale yale kwa maneno yake. Pole kaka.

Mvua ya Gungu

Asanteni nasoma zote. @Mama Teo hiyo ya jina zuri imenichoma. Hela naweza kutafuta, hata kidogo kidogo. Lakini dogo simjui hata jina kamili, tulikuwa tunamuita Mdogo tu. Yaani mwaka mzima nafanya kazi na mtu simjui jina.

Sista wa wodi

Mimi ni nesi, ntaongea fupi. Kukosa usingizi kila siku, tumbo kukata, kushtuka ukisikia sauti ya kuhesabu, hayo ni ya kumwambia daktari pia, usiyaache yote kwa mchungaji. Dhamira kuuma ni kitu kimoja na ugonjwa wa sonona ni kingine na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Na tusifanye kila ugonjwa ni dhambi, Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu huyu kipofu alitenda dhambi yeye au wazazi wake, akawajibu si yeye wala wazazi wake. Ila kwako wewe kaka kama ikifika mahali unaona bora usingekuwepo, usisubiri ibada ya Jumapili, nenda hospitali siku hiyo hiyo na mwambie mkeo. Mkeo anajua lakini?

Mvua ya Gungu

Hajui.

Mzee wa Isevya

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nawaandikia kutoka Tabora, vidole vyangu vizito kwenye simu hizi mtanisamehe nikikosea.

Mimi ni Moravian, mzee wa kanisa sasa miaka mingi. Kijana Mvua, swali lako la kwanza ndilo wengi wamelipita. Umeuliza kupona ni kupona vipi. Kiswahili chetu kina neno zuri hapo. Mtu akitoka kwenye ajali ya basi mzima tunasema amepona. Mtu akilala wodini mwezi mzima na dripu, akatoka anatembea kwa fimbo, naye tunasema amepona. Neno ni moja ila yule wa kwanza ni dakika moja na yule wa pili ni mwezi. Wewe ulipookoka ulipona kama wa basi. Sasa unadai kwanini hujapona kama wa wodini, na hujawahi kumuonyesha daktari kidonda kilipo. Ulimwambia mtumishi "kuna dhambi ya zamani". Hapo ni sawa na mtu anaenda hospitali anasema naumwa, akiulizwa wapi anasema mahali.

Sasa nikupe watu wawili wa Biblia, wote walimkosea Yesu usiku ule ule. Yuda ametubu, watu husahau hilo. Mathayo 27, alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akaungama kwa mdomo wake nimekosa nimeisaliti damu isiyo na hatia. Hela amerudisha yote! Lakini amezipeleka kwa nani? Kwa wakuu wa makuhani walewale walionunua. Wakamjibu yatuhusu nini sisi, yaangalie haya wewe. Mtu wa dini amepokea maungamo akamwambia shauri yako. Yuda akatoka pale akaenda peke yake, mnajua alivyoishia. Kwahiyo kijana hela peke yake haiponyi, na kuungama kwa mtu asiyejali nako hakuponyi. Mimi nikisoma pale naumia kila mwaka wiki ya mateso, najiuliza kama angekutana na mtu mmoja tu mwenye huruma pale mlangoni.

Petro naye alimkana mara tatu. Angalia Yohana 18 mstari wa 18, kulikuwa baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, Petro anaota pamoja nao, na pale motoni ndipo anapokana. Sasa nenda Yohana 21. Petro amerudi kuvua, usiku kucha wamekosa, wewe wa Kibirizi unajua usiku wa namna hiyo. Asubuhi wanafika pwani wanamkuta Yesu, na Yohana anataja kitu kimoja ambacho asingehitaji kukitaja, pale pana moto wa makaa na samaki juu yake. Injili hiyo inautaja moto wa makaa mara mbili hizo tu. Yesu anampikia kwanza, anamlisha, halafu anamuuliza wanipenda, mara tatu, mara zile zile, na Petro anahuzunika mara ya tatu. Unaona? Hakumwita pembeni amwambie yameisha sahau. Alimrudisha kwenye moto. Mbele ya wenzake.

Mimi mwenyewe nilikuwa na moto wangu. Ujana wangu nilikuwa napima tumbaku huko Urambo, sitataja wapi. Kulikuwa na mkulima mmoja mbishi sana, alinitukana mbele za watu, basi msimu ule nikawa nashusha daraja la tumbaku yake, majani mazuri naandika daraja la chini. Msimu mmoja tu. Sikupata hata senti, ilikuwa chuki tupu. Miaka kumi na moja baadae ndipo nimekwenda, na nilipofika mzee yule alikuwa ameshakufa. Nikamkuta mjane wake anapukuchua karanga. Nikamweleza yote, nikampa hela nilizokuwa nimezikusanya, nikalia mimi, yeye hakulia. Alizihesabu mara mbili. Akanyamaza. Halafu akaniambia yule mtoto wetu wa tatu aliacha shule mwaka ule. Sikuwa na la kumjibu na mpaka leo sina. Nilipoaga akanifungia karanga kwenye kitambaa nipeleke nyumbani. Sijui kama zile karanga zilikuwa ni msamaha, hakusema na mimi sikuuliza. Lakini kuanzia hapo nilianza kulala.

Wewe wako hajafa. Nenda kabla sijui nini hakijatokea. Ila usiende mwenyewe mwenyewe kwa yule mama, chukua mtu mzima anayeheshimika akusindikize, na mkeo ajue kwanza, asije akasikia sokoni.

Jembe la Mwandiga

Mzee nimesoma na nimenyamaza. Ila mi bado naogopa tukianza kusema lazima ufanye hiki na kile ndo upone itakuwa wokovu wa matendo. Yule mwizi msalabani hakurudisha kitu.

Mzee wa Isevya

Hakuwa na mikono ya kurudishia mwanangu, ilikuwa imefungwa msalabani. Zakayo alikuwa nayo akarudisha mara nne. Na angalia, hakurudisha ili Yesu aingie kwake, Yesu alikuwa ameshaingia ameshakaa.

Kisamvu cha jana

Mzee 🙌🙌 leo sina utani.

Mama Teo wa Kasulu

@Mvua kitu kimoja kuhusu polisi. Ukienda kuungama kwa padri hawezi kumwambia mtu yeyote, si polisi si askofu, siri ile haina mlango. Hata kama si Mkatoliki tafuta mtu wa namna hiyo uanze nae. Halafu kuhusu mama mwenye vipe sikudanganyi kwamba hatakushitaki, ana haki yake. Ila watu wengi wa mwaloni ninaowajua mimi wanataka hela yao kuliko wanavyotaka kesi.

Mvua ya Gungu

Wakuu nimerudi, imepita wiki ya tatu. Niliona aibu kuandika kabla sijafanya kitu.

Mke wangu nimemwambia. Hakuongea na mimi siku mbili, siku ya tatu akaniuliza hivi ile kitanda tulichonunua ni hela ya hiyo? Nikasema ndio. Sasa hivi kitanda hatukilalii, tumekiegesha ukutani, anasema kiuzwe. Sikuwahi kufikiria kitanda.

Halafu nikatafuta dogo. Kuna mvuvi mmoja wa zamani alikuwa na namba ya binamu yake, nikapita huko, nikapata. Jina lake nimelijua sasa, silitaji humu. Anaendesha bodaboda Tabora, kijiwe chake kiko karibu na stesheni. Nikapanda treni, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, njia nzima najiandalia maneno, nimefika nimeyasahau yote. Alinijua mimi kabla sijamjua yeye, kanenepa, ana ndevu. Akasema "karani".

Nikamwambia pale pale kijiweni, nimesimama. Sikulia, nilidhani ntalia. Aliniacha nikamaliza halafu akaniuliza swali moja tu, beseni zilikuwa ngapi?

Nilikuwa nimezipigia hesabu, nimeandika kwenye daftari jipya mwezi kwa mwezi kadri ninavyokumbuka, 286. Nikamuonyesha. Akatoa simu akaupiga picha ule ukurasa, akaniambia andika chini hapo kwamba ni wewe na usaini. Nikasaini. Akamtumia mama yake Buhigwe. Akaniambia mpaka leo yeye akienda likizo nyumbani mama yake anaficha hela za kikoba. Miaka yote hiyo. Mimi nalia na usingizi wangu na mama mtu anaficha pochi kwa mwanae.

Mshahara wake wa mwezi ule nimempa na juu yake kidogo, kapokea. Nikamuuliza umenisamehe, akasema sijui, nipe mda, kwanza nna abiria. Akaondoka nae kweli. Baadae jioni akanipigia tukala wali maharage pale stesheni, nikataka kulipa mimi akakataa, kalipa yeye. Ana sharti moja. Anasema kwa yule mama mwenye vipe usiende nyumbani kwake ukayamalize sebuleni kwa chai. Anataka niseme mwaloni, alfajiri, wale wale waliompiga wakiwepo.

@Mzee wa Isevya nilipomsikia anasema hivyo nikakumbuka moto wako wa makaa, nikaishiwa nguvu.

Nimekubali. Kuna katekista mmoja mzee jirani yetu Gungu kasema atanisindikiza japo mi sio wa kanisa lake. Usingizi haujarudi wote, naamka bado, ila saa tisa naamka nafikiria ntasemaje, sio kile kingine. Hospitali pia nilienda @Sista, nina kadi ya kurudi mwezi ujao.

Sasa hivi ni mbalamwezi, vipe vimelala, na mi ziwani niliondoka zamani ratiba sizijui tena. Anayejua pale Kibirizi wanaanza kutoka lini aniambie.

Bint Ujiji

Kaka angu yuko kipe cha jirani hapo. Anasema wanatoka Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri ukifika saa kumi na moja utawakuta wote.